Acha Kuuliza "Mwisho Ngapi?": Mwongozo Kamili wa Kupatana Bei

Mkasa ni uleule, hubadilika msimulizi tu. Mtu kaona kitu anachokitaka, kauliza bei, kaambiwa 200. Kauliza, "Mwisho ngapi?" Kaambiwa 180. Kalipa, kaondoka kifua mbele. Kesho yake anakutana na mwenzake aliyenunua cha aina hiyohiyo kwa 145, na kifua kinanywea.

Nimeusikia mkasa huu mara nyingi kiasi kwamba naweza kuumalizia kabla msimulizi hajafika katikati. Wengi husema tatizo lao ni aibu au ulimi mzito. Mimi sikubali. Nimewaona wapole wasiosema maneno kumi wakinunua vizuri kuliko waongeaji, kwa sababu walikwenda na namba yao wenyewe. Anayeuliza "mwisho ngapi?" hana namba, kwa hiyo anamwomba muuzaji ampangie. Na muuzaji atampangia.

Namba zote humu ni za mfano na hazina sarafu. Tia sarafu yako, ongeza sifuri kadiri unavyotaka. Mfano wetu ni mmoja mwanzo hadi mwisho: baiskeli iliyotumika, muuzaji anataja 200.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Bei tatu kutoka kwa watu watatu. Ziwe za kitu cha aina moja na hali moja. Bei ya baiskeli mpya haikusaidii kununua iliyotumika. Na kama unaweza, tafuta bei *zilizolipwa*, usiishie kwenye bei zilizotajwa. Kumuuliza jirani aliyenunua mwezi uliopita kuna faida kuliko kupita mbele ya wauzaji kumi ukisikiliza bei za kufungulia.

Mbadala ulio hai. Yaani sehemu nyingine unayoweza kweli kununua kitu hicho wiki hii, ukijua bei yake na nauli ya kufika. "Nitapata tu kwingine" haihesabiki.

Kikomo kilichoandikwa. Kwenye karatasi au kwenye simu. Namba ya kichwani ina tabia ya kupanda yenyewe mkono ukishagusa kitu.

Pesa zilizotenganishwa. Weka kiasi unachotarajia kulipa mfuko mmoja, cha akiba mfuko mwingine, na uwe na noti ndogo. Huwezi kuapa kwamba una 150 tu kisha ukatoa 200 na kudai chenji. Kama unalipa kwa simu, angalia salio ukiwa nyumbani, usilifungue mbele ya muuzaji.

Kifaa cha kukagulia. Kwa baiskeli, tochi ya simu na vidole vyako vinatosha. Kwa simu iliyotumika beba chaja na laini. Kwa samani beba futi.

Muda. Saa nzima, si chini ya hapo. Ukiwa na dakika kumi kabla ya safari, ahirisha.

Jambo moja la pembeni, ila limeniponza zaidi ya mara moja: ukienda na mtu, mkubaliane mapema nani anaongea. Rafiki anayesema "Jamani, ni nzuri hii!" katikati ya mazungumzo amekugharimu kuliko nauli yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha kuna maelewano

Si kila bei hujadiliwa, na kubishana na mhudumu asiye na mamlaka ya kushusha ni kupoteza mate. Dalili za maelewano ni hizi: bei haikuandikwa mahali, ukiuliza unajibiwa kwa swali ("Unataka ngapi?"), muuzaji ndiye mwenye mali, kitu ni kimoja tu, kimetumika au kina mkwaruzo, au unanunua vingi kwa pamoja.

Hata penye bei zilizobandikwa, mambo matatu huweza kufungua mlango: kitu cha mwisho kilichobaki, kitu kilichokuwa cha maonyesho, na kasoro inayoonekana. Uliza kwa mwenye mamlaka, mara moja, kwa adabu: "Hiki kina mkwaruzo hapa. Kuna punguzo lake?" Akisema hapana, yameisha.

## Hatua ya 2: Panga namba tatu

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kikomo ni bei ambayo ikizidi hata kwa moja unaondoka. Hakitoki kwenye hisia wala kwenye kiasi ulicho nacho mfukoni. Kinatoka kwenye mbadala wako. Tuseme muuzaji wa pili ana baiskeli kama hii, isiyohitaji matengenezo, kwa 170. Nauli ya kwenda kuichukua ni 10. Kwa hiyo mbadala wako unagharimu 180. Baiskeli iliyo mbele yako inahitaji tairi la nyuma, 15, na mipira ya breki, 5. Jumla 20. Toa 20 kwenye 180: kikomo chako ni 160. Ukilipa 165, umelipa zaidi ya mbadala wako, hata kama umeshushiwa kutoka 200.

Kwenye karatasi nyumbani unaandika makadirio. Utakiweka sawa ukishakagua, kwa kutoa gharama ya kasoro ulizozikuta. Ruhusa ya kukibadili ni hiyo tu. Kupenda rangi si sababu.

Lengo ni bei ambayo ukiipata umenunua vizuri. Itoe kwenye zile bei tatu zilizolipwa. Tuseme 145.

Bei ya kufungulia iwe chini ya lengo kwa kiasi cha kukuachia hatua tatu hivi za kupanda, na iwe na maelezo yanayoeleweka. Tuseme 125.

Tahadhari: sahau ile kanuni ya "anza na nusu ya bei". Wauzaji wameisikia kabla yako, na dawa yake ni rahisi: wanataja bei mara mbili. Ukikutana na asiyezidisha hivyo, nusu yako ni tusi.

Kuhusu tusi, kuna jaribio linalofaa kulijua. Mwaka 1982 mwanauchumi Werner Güth na wenzake nchini Ujerumani waliwakutanisha watu wawili na kiasi cha pesa: mmoja anapendekeza mgawo, mwingine anakubali au anakataa. Akikataa, wote wawili hawapati kitu. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na jambo lilelile hujitokeza: watu wengi wanaopewa kipande kidogo mno hukataa, ingawa kukataa kunawaacha bila chochote. Muuzaji naye ni mtu. Ukimdharau atakubali kulala na baiskeli yake.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi moja kwa nini kikomo chako ni 160 na si 170.

## Hatua ya 3: Kagua kwanza, mdomo umefungwa

Usiulize bei kabla ya kukagua. Ukishaanza kuongea bei, macho yako hugeuka kuwa ya mtu anayetaka kununua na yanaacha kuona. Najua kwa sababu nilinunua baiskeli siku moja nikiwa nimejikita kwenye namba kiasi kwamba nilishusha 30 nzima, nikaondoka nayo, na ilipofika kona ya kwanza gurudumu la mbele likawa linanesa kama ukindu. Rimu mpya ilikula zile 30 na ziada.

Basi kagua hivi. Inua gurudumu, lizungushe, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya rimu na mpira wa breki. Ikifunguka na kuziba kadiri gurudumu linavyozunguka, rimu imepinda. Vuta mnyororo kwa vidole pale mbele kwenye gia kubwa. Ukiinuka mpaka ukaona nusu ya jino, umechakaa. Pitisha kidole chini ya maungio ya fremu kutafuta ufa. Rangi mpya sehemu moja tu ni ya kutiliwa shaka, huenda inaficha kulehemiwa.

Kitu kingine kitakuwa na mambo yake, ila utaratibu ni huo: gusa, zungusha, washa, fungua, pima. Kila kasoro igeuze kuwa gharama. "Tairi limekwisha" ni lawama. "Tairi ni 15" ni hoja.

Usikidhalilishe kitu. Anayesema "kibovu hiki, hakina maana" hujibiwa kwa haki: "Sasa unakitakia nini?" Sifu kilicho kizuri, taja kasoro ya kweli, basi.

Onyo kubwa: bei ikiwa chini mno kuliko zote tatu ulizokusanya, na muuzaji hana risiti wala maelezo ya alikokipata, ondoka. Mali ya wizi ikikutwa kwako, hadithi ya kwamba ulipatana vizuri haitakusaidia.

## Hatua ya 4: Amua nani ataje namba ya kwanza

Kanuni ni fupi. Ukiijua bei ya kitu vizuri, taja wewe kwanza. Usipoijua, mwache muuzaji ataje.

Sababu yake ni kwamba namba ya kwanza huvuta zinazofuata. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo mpaka leo linanishangaza. Watu walizungushiwa gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliotokewa na 10 walikadiria 25 kwa wastani wa kati. Waliotokewa na 65 walikadiria 45. Namba ya gurudumu haikuhusiana kabisa na swali, na bado iliwavuta.

Sasa fikiria namba inayotajwa na mtu anayekutazama machoni huku ameshika mali. Akisema 200, akili yako yote huanza kuhesabu kutoka 200, na 180 inaonekana zawadi.

Dawa ni karatasi yako. Akitaja 200, au hata 300, usiijadili namba hiyo. Usiulize "kwa nini 200?", maana utampa nafasi ya kuitetea na kuipigilia misumari. Itikia kwa kichwa, rudi kwenye namba yako, taja 125 yako kana kwamba 200 haikutajwa.

## Hatua ya 5: Toa ofa yenye sababu, kisha nyamaza

"Nipunguzie kidogo" ni ombi. Muuzaji atakupunguzia kidogo kwelikweli: 5, labda 10. "Nipunguzie basi" mara ya pili itakuletea 5 nyingine, na kufikia mara ya tano utakuwa umechosha watu wawili.

Sema hivi:

"Nimeiangalia. Fremu iko salama, gia zinaingia vizuri. Tairi la nyuma limekwisha na mipira ya breki ni ya kubadilisha. Natoa 125, taslimu, sasa hivi."

Kisha funga mdomo. Hapa ndipo pagumu kuliko kote, na wanafunzi wangu wengi wa jambo hili hushindwa hapa. Kimya kikidumu sekunde nne, mtu anaanza kujitetea: "Yaani... au basi, hata 135." Hakuna aliyemwomba. Amejipandishia mwenyewe. Hesabu moyoni hadi kumi, taratibu. Tazama baiskeli kama huwezi kutazama mtu.

Muuzaji atacheka, atashika kichwa, au atamwita mwenzake asikie maajabu. Usikasirike wala usicheke naye mpaka ukalegea. Subiri namba. Mpaka ataje namba, hajajibu.

Akisema "Hiyo hata mtaji haurudi", usibishe. Mtaji wake huujui na hutaujua leo. Mwambie, "Inawezekana kabisa, kaka. Mimi najua tu gharama ya tairi. Wewe unasema ngapi?"

*Utajua umefaulu* akitaja namba iliyo chini ya ile ya kwanza bila wewe kuongeza chochote.

## Hatua ya 6: Panda kwa hatua zinazopungua

Baada ya ofa yako ya 125, mazungumzo mazuri ya baiskeli yetu yangekwenda hivi, muuzaji akijibu kwanza:

— 185.
— 140.
— Ndugu yangu, 170, kwa sababu umeongea vizuri.
— 147.
— Haya, 160, chukua.
— 150.
— 155. Hapo sina tena.

Angalia hatua za mnunuzi: kapanda 15, kisha 7, kisha 3. Hatua zinazopungua zinasema "nakaribia ukingo" bila kulitamka. Ukipanda 10, 10, 10, unamfundisha muuzaji kwamba kila akikataa anapata 10. Kwa nini aache?

Usipande mara mbili mfululizo. Wewe umetaja 140, zamu ni yake. Akikujibu "ongeza" bila kutaja namba, mrudishie: "Nimeongeza. Wewe umefika ngapi?"

Mtego wa kuukwepa hapa ni huu: "Tugawane katikati." Unasikika wa haki, na ndiyo maana unanasa. Kama muuzaji angesema hivyo mwanzoni, katikati ya 125 na 200 ni 162 na nusu, tayari umevuka kikomo chako. Angefungua na 260, katikati ingekuwa 192 na nusu. Kwa hiyo katikati hutegemea nani alizidisha mwanzoni. Kubali kugawana pale tu tofauti iliyobaki ni ndogo na katikati yake iko ndani ya kikomo.

Kuna siku bei haitakutana hata ukiwa na ulimi wa asali. Kama muuzaji hawezi kushuka chini ya 170 na wewe huwezi kuvuka 160, hakuna namba inayowafaa wote wawili. Lakini kama yeye anaweza kufika 140, kuna 20 nzima mnazogombea. Kelele, viapo na vicheko vyote vya kupatana bei ni njia ya kujua mko kwenye hali ipi.

## Hatua ya 7: Bei ikigoma, omba kisicho bei

Muuzaji amesema 155 na kweli amekwama. Wewe ulilenga 145. Usigombanie zile 10. Tazama kuna nini pembeni: pampu, kufuli, tairi lililotumika lakini zima. "Sawa, 155 pamoja na ile pampu na kufuli." Kwake vitu hivyo huenda vimekaa kwenye kona mwaka mzima, kwako ni matumizi ya kesho.

Vingine vya kuomba: kukuletea nyumbani, kukufungia, siku saba za kurudisha kikiharibika, kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Na wewe una vya kutoa: taslimu leo, kununua viwili, kukichukua mwenyewe. Kila unachotoa kifunge na unachopata: "Nikichukua mbili, unaniwekea ngapi?" Ukitoa bure, hakitakumbukwa.

Ahadi ya maneno ya "kikisumbua rudi" ina thamani ndogo sana. Iandikwe kwenye risiti, au uihesabu kuwa haipo.

## Hatua ya 8: Kuondoka

Kuondoka si maigizo. Wauzaji wameshuhudia migongo mingi, wanamjua anayetembea huku akisikilizia kuitwa: hatua fupi, shingo nyuma kidogo. Ondoka pale tu uko tayari kweli kutorudi, na ndiyo maana tuliandaa mbadala.

Tuseme safari hii muuzaji amegoma kwenye 165. Namna yake: "Nimeshukuru kwa muda wako. Mimi mwisho wangu ni 160. Ukiona inafaa, niite." Kisha nenda kwa mwendo wako wa kawaida. Usigonge meza wala usitupe neno la mwisho.

Akikuita, rudi kwa bei uliyoiacha. Watu hupenda kushusha tena wakiitwa, kwa kuwa wamenusa njaa ya muuzaji. Ukifanya hivyo neno lako linakufa, na pengine biashara yenyewe.

Asipokuita, umepata taarifa iliyo bora kuliko zote: bei yake ya chini iko juu ya yako. Ukienda kwingine ukakuta mambo ni magumu, rudi bila aibu. "Nimezunguka, yako ndiyo nzuri. Bado ni 165? Naichukua." Sharti ni moja: kikomo kiwe kimebadilika kwa sababu mbadala umebadilika. Uchovu wa miguu hauingii kwenye hesabu.

## Hatua ya 9: Funga

Namba yako ikikubaliwa, umenunua. Kutaja 150, kukubaliwa, kisha kusema "fanya 140 basi" ni kosa lisilo na utetezi. Usitaje namba usiyoweza kuilipa papo hapo.

Rudia makubaliano kwa sauti: "155, pamoja na pampu na kufuli, nachukua sasa." Hesabu pesa mbele yake, kagua tena kitu *hichohicho* kabla pesa haijatoka mkononi, chukua risiti. Kwa kitu kilichofungwa kwenye boksi, fungua boksi. Sampuli uliyoishika na kilichomo ndani si lazima viwe ndugu.

Muuzaji akikubali ofa yako ya kwanza papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, tulia. Ama ulikadiria vibaya, ama anajua jambo ambalo hulijui. Bei mmeshakubaliana, ila ukaguzi hauzuiliwi: zungusha gurudumu tena, uliza kwa nini anauza. Ukikuta kasoro mpya, ipeleke mezani kama kasoro na gharama yake.

## Ukiwa upande wa muuzaji

Mteja atakuuliza "mwisho ngapi?" kabla hajagusa mali. Usimpe mwisho wako. Ukimpa, utageuka kuwa mwanzo wake. Mjibu: "Iangalie kwanza, ukiipenda tutaelewana," na umpe kitu mkononi. Au mrudishie: "Ulikuwa umepanga ngapi?"

Andika bei ya chini nawe. Gharama uliyonunulia, usafiri, na faida unayohitaji. Kama ni mali yako ya nyumbani, jihadhari na mapenzi. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio ambayo nusu ya wanafunzi walipewa vikombe na nusu hawakupewa. Waliopewa walidai, kuuza kikombe walichokishika muda mfupi tu, takribani mara mbili ya kile wenzao walikuwa tayari kulipa. Sasa wewe umeiendesha baiskeli yako miaka minne. Bei uliyonayo kichwani ina kumbukumbu ndani yake, na mnunuzi hanunui kumbukumbu. Muulize mtu asiyeijua akukadirie.

Kila ukishuka, shuka kwa sababu: "Ukichukua leo." "Ukilipa taslimu." "Ukichukua na ile nyingine." Anayeshuka bila sababu anamwambia mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa uongo, na mteja ataendelea kuchimba. Kasoro itaje mwenyewe kabla hajaiona. Ikitoka kinywani mwako haiondoi bei sana. Akiigundua yeye, ataanza kutafuta uliyoificha.

Na sema hapana kwa upole. "Hapo siwezi, ila nashukuru umepita" imewahi kuwarudisha wateja ambao kejeli ingewafukuza kabisa.

## Mkipatana kwa ujumbe

Mambo ni yaleyale, isipokuwa kimya hakina uzito, kwa sababu mtu anaweza kuwa amelala. Na "Bado ipo? Mwisho ngapi?" ndio ujumbe ambao muuzaji hupokea mara ishirini kwa siku. Hujibu kwa uvivu au hajibu.

Usipatane bei ya mwisho kwa maandishi kabla hujakiona kitu, na usitume pesa ya kukushikia kwa mtu usiyemjua. Uliza kwanza mambo yanayoonyesha uko makini: "Habari. Nimeona baiskeli. Rimu ya mbele imenyooka? Tairi zimetumika kwa muda gani? Naweza kuja leo jioni na taslimu." Akijibu kwa kina, ndipo utaje namba na sababu yake, na useme wazi kwamba ni kwa masharti ya kuikagua.

Akiandika "200 mwisho, sipunguzi", jibu mara moja tu: "Sawa, nashukuru. Nina 150 taslimu, nipo hadi Jumamosi ukibadili mawazo." Kisha usitume kitu kingine. Ijumaa usiku, kama baiskeli bado iko kwake, simu yako inaweza kulia.